Kuipima Zana Mpya Kabla ya Kuiingiza Darasani: Mfano wa Programu ya Vitanzi vya Sauti

Utangulizi

Kila itokeapo zana mpya ya kufundishia, walimu hugawanyika makundi mawili. Wapo waipokeao kwa kuwa ni mpya, na wapo waikataao kwa sababu hiyo hiyo. Makundi yote mawili yana upungufu mmoja: hayajaipima. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mtarajiwa wa shule ya msingi aweze kuipima zana kabla ya kuitegemea mbele ya wanafunzi.

Mfano wetu tumeutoa nje ya darasa, kwa wanamuziki wa jukwaani. Tumewachagua wao kwa sababu mwanamuziki aliyechagua chombo kibaya huadhibiwa papo hapo, mbele ya watu waliolipa viingilio. Kwa ajili hiyo wamejizoeza kuuliza maswali makali kabla ya kukubali chombo kipya. Zana tutakayoizungumzia ni programu ya vishikwambi inayonasa sauti na kuirudiarudia. Tutaeleza kwanza ni kitu gani, kisha maswali ambayo wanamuziki huipima nayo, na mwisho tutayaingiza maswali hayo katika kipindi cha dakika 40.

Kitanzi cha sauti ni nini?

Kitanzi cha sauti ni kipande kifupi cha sauti iliyonaswa, ambacho kikifika mwisho huanza tena bila kukatika. Mwanamuziki aliye peke yake hugonga mdundo kwenye ubao wa gitaa lake, akaunasa. Mdundo ule unapojirudia, yeye hupiga nyuzi juu yake na kunasa tabaka la pili. Kisha huimba na kunasa la tatu. Baada ya dakika chache mtu mmoja husikika kama kikundi kizima.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1963 mtunzi wa Kimarekani Terry Riley, akisaidiwa na fundi wa studio mjini Paris, alitumia tepurekoda mbili zilizopitiwa na utepe mmoja. Ya kwanza ilinasa, ya pili ikaicheza sauti ile, nayo ikarudishwa katika ile ya kwanza ili inaswe tena pamoja na sauti mpya. Muda wa kurudi kwa sauti ulitegemea umbali baina ya mashine mbili hizo. Utepe uendao sentimita 19 kwa sekunde, ukisafiri sentimita 95, huirudisha sauti baada ya sekunde 5. Mwalimu wa hesabu ataona kuwa hapo pana swali zuri la mwendo, umbali na wakati.

Baadaye kazi hiyo ilihamia katika visanduku vidogo vinavyokanyagwa kwa mguu. Kampuni ya Boss ilitoa kisanduku chake cha RC-20 mwaka 2001. Mwaka 2004 mwimbaji KT Tunstall wa Scotland alisimama peke yake na gitaa katika kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC, akajijengea kikundi kizima kwa kukanyaga kisanduku cha namna hiyo, na watu wengi wakamfahamu tangu usiku ule.

Vishikwambi vya iPad vilipoanza kuuzwa mwaka 2010, haikuchukua muda kazi ile ikahamia kwenye kioo. Programu moja iliyojulikana sana ni Loopy, ya mtengenezaji Michael Tyson, ambayo huonyesha kila kitanzi kama duara linalozunguka. Mwaka 2014, katika kipindi cha televisheni nchini Marekani, Jimmy Fallon na Billy Joel waliitumia kuimba kwa tabaka wimbo uliotokana na "Mbube", wimbo alioutunga na kuurekodi Solomon Linda huko Afrika Kusini mwaka 1939. Toleo kubwa zaidi la programu hiyo, Loopy Pro, lilitoka mwaka 2021. Wanamuziki waliozoea visanduku vya mguuni wakalazimika kuamua: je, tuviache tuhamie kwenye kioo?

Maswali matano ya wanamuziki

Hatutaeleza hapa kila kitufe cha programu hizo, kwa kuwa vitufe hubadilika kila toleo. Tutaeleza maswali, ambayo hayabadiliki.

La kwanza: Je, sauti hurudi kwa wakati wake? Sauti iingiapo katika kishikwambi hupitia hatua kadhaa kabla ya kutoka tena, na kila hatua hula muda. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Basi chombo kinachochelewa kwa sekunde 0.01 ni sawa na mwenzako kusimama mita 3.4 mbali nawe, jambo ambalo wapiga ngoma hulizoea. Chombo kinachochelewa kwa sekunde 0.1 ni sawa na mwenzako kusimama mita 34 mbali, upande wa pili wa uwanja. Hapo hakuna awezaye kwenda sawa naye. Visikilizio visivyo na waya huongeza ucheleweshaji huo hata ukasikika waziwazi. Ndiyo maana wapigaji wengi hupendelea vyenye waya.

La pili: Nani ashikaye wakati? Katika programu nyingi, kitanzi cha kwanza ndicho kinachoamua urefu wa mzunguko, na vingine vyote hukifuata. Vitanzi viwili visivyofungamanishwa huachana kidogo kidogo. Mwaka 1965 Mmarekani Steve Reich aliweka kipande kimoja cha sauti ya mhubiri katika tepurekoda mbili ambazo mwendo wake haukulingana kabisa. Zilianza pamoja, zikaachana, naye akaona katika kuachana kule namna mpya ya utunzi. Hata hivyo, kinachomfaa mtunzi anayetafuta kuachana humharibia kazi mwimbaji anayetaka kwenda pamoja. Tena programu nyingi hujiwekea zenyewe mapigo manne kwa mzunguko. Mwenye ngoma ya hesabu ya sita asipoyabadilisha mapema, mashine itaukata mdundo wake mahali pasipo pake.

La tatu: Je, mikono yabaki huru? Mpiga gitaa hana mkono wa ziada wa kugusa kioo. Kisanduku cha mguuni kina kitufe cha chuma ambacho mguu hukitambua hata gizani. Kioo hakina mahali pa kupapasa. Kwa hiyo wengi waliohamia kwenye kishikwambi huunganisha nacho pedali ya mguu. Gharama ya pedali hiyo sharti ihesabiwe pamoja na gharama ya programu, maana moja bila nyingine haikamilishi kazi.

La nne: Kosa likinaswa, laondolewaje? Hili ndilo swali zito kuliko yote. Mpigaji wa kawaida akikosea, kosa hupita. Kitanzi hakisahau. Mzunguko wa sekunde 3 wenye kosa moja utalisikizisha kosa hilo mara 20 katika dakika moja. Hapa kishikwambi chaweza kuwa na nafuu, kwa kuwa huonyesha kila tabaka peke yake, na mpigaji huweza kuliondoa lililoharibika akayaacha mengine. Visanduku vingi vya mguuni vya bei ndogo hukusanya tabaka zote katika kitanzi kimoja, na huruhusu kufuta la mwisho tu.

La tano: Je, kitadumu hadi mwisho wa onyesho? Kisanduku cha mguuni kina kazi moja. Kishikwambi kina kazi mia: huletewa ujumbe, huishiwa chaji, na hudai kufanyiwa marekebisho ya mfumo saa isiyotakiwa. Mwanamuziki mwangalifu huzima mawasiliano yote, hukiacha kwenye chaji, na huwa na wimbo wa akiba unaoweza kuimbwa pasipo chombo chochote.

Wakishajiuliza hayo, wanamuziki hawafikii jibu moja. Ajengaye tabaka nyingi na kutaka kuziona huchagua kishikwambi. Ahitajiye kitanzi kimoja cha gitaa huku akiimba hubaki na kisanduku chake, wala hakosi kitu. Wote wawili wamechagua vema, kwa sababu kila mmoja ameanza na kazi yake. Hilo ndilo la kwanza kwa mwalimu kujifunza kwao: hakuna zana njema kwa jumla, kuna zana ifaayo kazi fulani.

Kuyahamishia maswali darasani

Jambo hili si la nadharia tupu kwetu. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 nchini Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika kazi ile viligawiwa walimu. Hivyo mwanachuo wa leo aweza kukuta kifaa hicho shuleni siku yake ya kwanza ya kazi. Lakini asidhani kwamba programu aliyoisikia ikisifiwa itaingia humo. Loopy Pro ilitengenezwa kwa ajili ya iPad na iPhone, nayo haiingii katika kishikwambi cha mfumo wa Android. Zipo programu nyingine za vitanzi kwa mfumo huo, na kila moja sharti ipimwe upya. Kipimo rahisi ni hiki: nasa mzunguko mmoja wa makofi, kisha piga makofi yale yale juu ya sauti inayorudi, uyanase. Sikiliza tabaka zote mbili. Kama kofi moja limekuwa mawili, programu hiyo na kifaa hicho havipatani.

Pamoja na maswali ya wanamuziki, mwalimu ana swali lake ambalo wao hawana: Je, ni wangapi watakaofanya kazi wakati kifaa kinatumika? Mwanamuziki yu peke yake na chombo chake. Mwalimu ana kifaa kimoja na wanafunzi 48. Kama mmoja anagusa kioo na 47 wanatazama, somo limekuwa onyesho. Zana hiyo itakuwa imewapokonya watoto sauti zao badala ya kuwarudishia wazisikie.

Kuna tatizo la pili ambalo halionekani mpaka mtu ajaribu. Tabaka la kwanza linapotoka katika spika, kinasa sauti hulinasa tena pamoja na la pili, na baada ya mara tatu hubaki kelele. Wanamuziki huvaa visikilizio masikioni. Darasa haliwezi kuwa na visikilizio 48. Njia tunayoipendekeza ni mwalimu peke yake avae kisikilizio kimoja chenye waya, asikie tabaka la kwanza, na aongoze kwa mkono. Wanafunzi hufuata mkono wa mwalimu, na chumba hubaki kimya isipokuwa kwa makofi yanayonaswa.

Mfano wa andalio la somo

Darasa: la Nne. Muda: dakika 40. Idadi: wanafunzi 48 katika makundi matatu ya 16.

Lengo mahususi: Kila mwanafunzi aweze kuushika mdundo wake bila kuyumba huku akisikia mdundo mwingine.

Vifaa: ubao, chaki, kishikwambi chenye chaji, kisikilizio chenye waya.

Hatua ya kwanza (dakika 5). Wanafunzi wahesabu pamoja kutoka moja hadi sita na kurudia bila kusita, namba mbili kwa kila sekunde. Lugha yetu inatusaidia hapa, maana kila moja ya namba hizo sita ina silabi mbili, na hesabu hutoka sawasawa mdomoni. Mzunguko mmoja utachukua sekunde 3. Mwalimu aandike ubaoni:

Kundi A hupiga kofi katika 1 na 4.
Kundi B hupiga kofi katika 1, 3 na 5.

Hatua ya pili (dakika 10). Kundi A lianze peke yake. Likishatulia, B liingie. Kundi C lisikilize na kutoa hukumu: je, makundi yote mawili yanakutana katika moja? Kisha makundi yabadilishane nafasi mpaka kila mtoto amepiga midundo yote miwili na kusikiliza mara moja. Makofi yapigwe kwa vidole viwili juu ya kiganja, la sivyo watoto 32 watazama katika kelele yao wenyewe. Kishikwambi kisiguswe katika hatua hii. Kama darasa haliwezi kufanya zoezi bila mashine, mashine haitalifanya kwa niaba yao.

Hatua ya tatu (dakika 10). Mwalimu, akiwa ameiweka programu katika hesabu ya sita, anase mzunguko mmoja wa kundi A. Darasa zima lisikilize kitanzi kikijirudia. Mwalimu asiseme kama ni kizuri au kibaya, aulize, "Tumefika pamoja katika nne?" Wanafunzi waliochelewa kwa robo ya sekunde watasikika, kwa kuwa muda huo ni nusu ya hesabu moja. Kitanzi kifutwe na kinaswe tena hadi darasa lenyewe liridhike, lakini isizidi mara nne. Kisha mwalimu avae kisikilizio na kunasa kundi B kwa namna tuliyoieleza.

Hatua ya nne (dakika 10). Hii ndiyo hatua inayohalalisha kuwapo kwa kishikwambi darasani. Mwalimu acheze kitanzi cha A kwa spika, na darasa zima lipige mdundo wa B juu yake. Wakishatulia, mwalimu anyamazishe kitanzi kwa mizunguko miwili bila kukisimamisha, huku watoto wakiendelea. Kisha airudishe sauti. Je, darasa na kitanzi bado viko pamoja? Mara ya kwanza huenda wakawa wamekimbia mbele. Zoezi lirudiwe, na kimya kirefushwe hadi mizunguko minne. Mwanafunzi anayeweza kuuvuka ukimya wa sekunde 12 na kukutana tena na mdundo amekwisha kuuweka ndani yake mwenyewe.

Hatua ya tano (dakika 5): tathmini. Mwalimu achague wanafunzi wanne, wawili wa A na wawili wa B, wapige bila kifaa. Wengine waeleze walichosikia.

Sauti zilizonaswa zibaki kwa matumizi ya darasa na zifutwe baada ya kazi. Sauti ya mtoto si kitu cha kusambaza.

Pingamizi mbili

Baadhi ya walimu husema kuwa mashine ya namna hii itaua ngoma zetu. Pingamizi hilo lastahili jibu, si kejeli. Ni kweli kwamba muziki wetu mwingi umejengwa juu ya kurudia. Marehemu Hukwe Zawose, msanii wa Kigogo kutoka Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliijulisha dunia ilimba, ala ya vibao vya chuma ipigwayo kwa vidole gumba. Asikilizaye ilimba ya Wagogo kwa makini husikia mduara mmoja ukirudi tena na tena, lakini mpigaji huongeza hapa na kupunguza pale, kufuatana na mwimbaji na wachezaji. Mashine hujirudia, mpigaji hurudia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na njia bora ya kumfanya mtoto aione tofauti hiyo ni kumsikilizisha kitanzi kwa dakika moja, kisha kumsikilizisha fundi wa ngoma wa kijijini kwa dakika moja, na kumwuliza yupi aliyebadilika. Zana ikitumiwa hivyo haiui ngoma. Huwafanya watoto waione thamani yake.

Wengine husema, "Shuleni kwetu hakuna kishikwambi." Nao hawana sababu ya kukata tamaa. Katika andalio letu, hatua ya kwanza, ya pili na ya tano hazihitaji kifaa. Hata hatua ya nne yawezekana: kundi C lishike mdundo wa A, na mwalimu alinyamazishe kwa kuinua mkono. Watoto 16 waweza kuwa kitanzi, tena kitanzi kinachojisikiliza na kujirekebisha.

Muhtasari

Tumeona kuwa wanamuziki hawaipimi programu mpya kwa wingi wa vitufe vyake. Huuliza juu ya wakati, uongozi wa mdundo, uhuru wa mikono, uondoaji wa makosa na uvumilivu wa chombo. Mwalimu huongeza swali moja: ni wangapi wanaofanya kazi? Akishapata majibu, abaki na kipimo cha mwisho, ambacho kinafaa kwa kishikwambi kama kinavyofaa kwa chati, kigae au fimbo za kuhesabia: zana ikizimwa, kilichofundishwa kinabaki kwa mtoto? Kikibaki, zana hiyo ilikuwa ya kufundishia. Kisipobaki, ilikuwa ya kutumbuiza.

Maswali ya kujadili

1. Chagua zana moja uliyoitumia katika mazoezi ya kufundisha. Ijaribu kwa maswali matano ya wanamuziki, ukibadilisha maneno ili yafae somo lako.

2. Programu fulani huchelewesha sauti kwa sekunde 0.05. Ucheleweshaji huo ni sawa na umbali wa mita ngapi hewani? Je, ungeikubali kwa somo la Darasa la Nne? Toa sababu.

3. Andaa hatua ya tatu na ya nne za somo hili kwa shule isiyo na umeme.

4. "Mashine hujirudia, mpigaji hurudia." Jadili kauli hii kwa kutumia ngoma moja ya mahali unapotoka.